Kiti Kiangalie Ukuta

Siku ya kuniaga nilipostaafu mlikata keki, mkanipa leso mbili na saa ya ukutani, kisha mkaniomba neno kwa ninyi mnaobaki na kibanda cha kupimia masikio. Nikasema asanteni, Mungu awabariki, nikakaa. Hilo halikuwa neno, ilikuwa adabu tu. Neno lenyewe nimelipata sasa, miezi mitano baadaye, na limekuja na hasira. Kuna kadi ya mtu anayeitwa Njoroge, imetoka kwenye kliniki yetu, imeandikwa kwamba masikio yake ni kawaida kwa umri wake. Si kweli. Nitaeleza nimejuaje, lakini lazima nianzie mbali, kwa sababu kosa lililo kwenye kadi hiyo halikuanza na ninyi. Lilianza na mimi.

Nilifika Thika nikiwa na miaka ishirini na mitatu, nimetoka Bungoma na barua ya mchungaji, na sikuwa nimewahi kusikia kwamba kuna watu wanaoajiriwa kupima masikio. Kliniki wakati huo ilikuwa vyumba vitatu juu ya duka la mbegu. Viwanda vilituletea wafanyakazi kwa lori mara moja kwa mwaka: wafumaji, watu wa mashine za kahawa, watu wa machimbo ya mawe. Madam Muthoni, aliyekuwa mkubwa wangu, hakunisalimia sana. Aliniingiza kibandani, akafunga mlango ule mzito, akaenda kunywa chai. Nilikaa humo nikasikia damu yangu ikitembea, nikasikia tumbo likinguruma, nikaamini nimepatwa na ugonjwa.

Aliporudi akaniuliza, "Umesikia nini?"

"Tumbo langu, Madam."

"Haya. Kibanda ni kizima. Siku ukikaa humo usikie pikipiki ya nje, usimpime mtu hiyo siku. Hata wakuletee waziri."

Hivyo ndivyo nilivyofundishwa. Madam Muthoni hakuwa na maneno mengi, na mengi ya yale machache yalikuwa ya kugomba. Hedfoni za kupimia alizitunza kuliko alivyomtunza mumewe, na mumewe mwenyewe alikubali. Nyekundu ni kulia, buluu ni kushoto, na ukizibadilisha umeandika masikio ya mtu mwingine. Usizitundike kwa utepe wake wa juu, kwa sababu chuma kinalegea, na hedfoni iliyolegea haikazi sikio, sauti inavuja, halafu unamwandikia mtu uziwi ambao hana. Toa hereni, toa miwani, sogeza nywele. Pangusa mito ya hedfoni kwa spiriti kila mtu anapotoka, kwa sababu hakuna anayetaka jasho la mwenzake. Haya yote mnayajua, niliwafundisha mimi.

Kuna moja ambalo sikuwafundisha, na Madam Muthoni alinifundisha. Kiti kiliangalia ukuta. Anayepimwa alikuwa anatupa mgongo. Alisema, "Mtu akikuona, anasikia kwa macho."

Wafanyakazi hawakupenda. Walisema kukaa gizani ukiangalia ukuta ni kama selo. Mama mmoja wa machimbo alilia. Madam Muthoni alipostaafu nikawa mkubwa wa kibanda, jambo la kwanza nililofanya ni kugeuza kile kiti kiangalie kioo cha dirisha nililokaa nyuma yake, waone uso wangu, niwatabasamie. Nilijiona mtu wa huruma sana. Hivyo ndivyo mlivyokikuta, mkadhani ndivyo kilivyozaliwa.

Mfumaji mmoja, Wafula, alikuwa mtu wa kwetu, na tuliongea Kibukusu akiingia na akitoka. Wafumaji wote husoma midomo, maana kwenye chumba cha mitambo hakuna anayesikia mwenzake, lakini Wafula alisoma mpaka bega. Nilipobonyeza kitufe cha mlio bega langu la kulia lilishuka kidogo, na yeye akabonyeza chake cha kusema amesikia. Miaka miwili sikugundua. Mwaka wa tatu nilibonyeza mashine ikiwa haijawashwa, kwa kusahau, na Wafula akajibu. Alisikia mlio ambao haukuwepo.

Nilifungua mlango. Hakungoja niulize. Aliniambia, "Dada, ukiandika sisikii, Ijumaa niko nyumbani. Wale wawili uliowaandika mwaka jana wako wapi? Niko na watoto wanne shuleni." Ilikuwa kweli. Kiwanda chao kilikuwa na tabia hiyo: ukipatikana umeharibika masikio, unaambiwa hali yako ya afya haikuruhusu kuendelea. Ni kama mtu akukanyage mguu halafu akufukuze kwenye dansi kwa sababu unachechemea.

Nikaandika kawaida kwa umri wake. Nikaandika hivyo mwaka uliofuata, na uliofuata, mpaka kadi za uongo zikawa saba.

Mwaka mmoja kati ya hiyo nilikwenda kiwandani kwao nikaomba nione wanavyokingwa. Msimamizi alinifungulia kabati la chuma lenye kufuli. Ndani kulikuwa na vile vikombe vya kuziba masikio, vinavyovaliwa kama hedfoni, jozi kumi na mbili, bado zimefungwa nailoni. Kumi na mbili kwa chumba kizima cha kufuma. Nikamuuliza wanagawana vipi. Akasema wakaguzi wakija vinatolewa, wale wa mstari wa mbele wanavaa, wakienda vinarudishwa, ndiyo maana bado ni vipya. Alijivunia kwamba ni vipya. Nilirudi Thika nikiwa sioni barabara kwa hasira.

Kisha kiwanda kikapunguza watu na Wafula akawa mmoja wao. Kufikia hapo alikuwa hasikii mkewe akiwa jikoni. Alidai fidia ya masikio. Wenye kiwanda wakaleta zile kadi saba, wakazipanga mezani, nikaitwa kutoa ushahidi. Sikuulizwa chochote kuhusu kelele, wala kabati, wala bega langu. Niliulizwa kama saini ni yangu. Nikasema ni yangu. Wafula alikuwa ameketi mbele yangu, anasoma midomo, na hilo neno alilipata bila shida. Sikumwona tena. Nasikia alirudi Bungoma, na kwamba hakunisema vibaya kwa mtu, jambo ambalo linanikera zaidi kuliko kama angenitukana.

Baada ya hapo nilibadilika kwa karatasi, nikawa mkali wa kuandika. Lakini kiti sikukirudisha. Ningeulizwa kwa nini nakirudisha, na ningelazimika kusema. Basi nikafanya kazi miaka kumi na moja zaidi, nikiwatabasamia watu kupitia kioo, nikifunga bega langu lisicheze.

Sasa Njoroge.

Mtoto wa kaka yangu, Brian, anafundisha kompyuta na anaishi Ruiru. Ana ugonjwa wa hedfoni. Si moja, ni nyingi, na zina mashine zake za kukuza sauti, na nyaya zilizosukwa kama nywele za bibi harusi. Wako kikundi, wanakutana kila baada ya miezi michache, kila mmoja analeta zake, wanapeana, wanalinganisha. Akaniambia, akiniita shangazi kwa Kibukusu, "Senge, wewe umevalisha watu hedfoni miaka yote hiyo, na hujawahi sikiliza hata ngoma moja. Kuja Kamakis Saturday." Nilitaka kumkatalia, kisha nikaona amesema kweli. Mimi najua milio ya mashine tu. Nikapanda boda kutoka kwangu Ngoingwa hadi stendi, nikaenda.

Walikuwa wamechukua chumba cha juu kwenye nyumba moja ya nyama choma hapo Kamakis. Kuna sheria: hakuna nyama kabla ya kusikiliza. Mikono yenye mafuta haigusi kitu. Mbuzi ameagizwa saa saba, anakaa jikoni mpaka saa kumi, harufu inapanda ngazi, na watu wazima kumi na mmoja wamekaa wamefumba macho kama wako kwenye maombi ya kufunga. Mhudumu alipanda mara tatu kuuliza kama kuna shida na mbuzi. Mezani kulikuwa na shuka jeupe na juu yake hedfoni zaidi ya ishirini, kila moja imewekwa ikitazama juu, na pakiti ya vitambaa vya kupangusia. Niliona wanapangusa mito kila mtu anapotoa. Nikaanza kuwapenda.

Wanjiru, mwenye duka la dawa Ruiru, alinivalisha zake, zile zilizo wazi kwa nyuma, ambazo Brian alisema zina bei ya kiwanja. "Mum, weka wimbo wako. Kila mtu hukuja na wake." Nikachagua kwaya ya kanisa, ile ninayoisikia redioni kila Jumapili. Nilisikia wale watu wakivuta pumzi kabla ya kuimba. Nilisikia kwamba wa tatu kutoka kushoto ana mafua. Nililia kidogo, na sioni aibu kusema.

Halafu hasira ikanipanda palepale machozi hayajakauka. Zaidi ya ishirini za kusikilizia raha, kwa watu kumi na mmoja, na kila moja inapanguswa. Na kule jozi kumi na mbili kabatini. Si kosa la Wanjiru, kazifanyia kazi. Lakini sikuweza kuzitazama tena pale juu ya shuka bila kuona lile kufuli.

Njoroge ndiye aliyekuwa jaji wao. Mtu wa miaka arobaini hivi, mpole, anafunga mitambo ya muziki kwenye matatu kule Githurai 45, na wenye magari humfuata kwa sababu ya sikio lake. Hedfoni ikizunguka mezani, ya mwisho kuivaa ni yeye, na akisema, imesemwa. Akavaa za Wanjiru. Niliona mkono wake ukienda kwa kile kirungu cha kuongezea sauti, ukakizungusha mbali. Akasema, "Hii ni tamu, lakini juu imelala. Wacha niiamshe." Akachezea simu, akampa Wanjiru. Wanjiru alipovaa alikunja uso mzima, kama mtu aliyeuma limau, kisha akamtazama Njoroge, akanyoosha uso. "Enyewe imefunguka," akasema. Ikaenda kwa mwingine, akakunja, akanyoosha. Ikafika kwangu. Ilikuwa kijiko kikikwaruza sufuria. Nikaitoa.

Mtu haongezi sauti za juu kiasi hicho kama anazisikia. Hizo ndizo ambazo kelele huziua kwanza. Nilijua kabla sijamaliza kuitoa.

Kisha wakaanza mchezo wao. Brian anapiga mluzi kwenye spika ndogo, unapanda, unapanda, kila mmoja ameinua mkono, na usiposikia tena unashusha. Mimi nilishusha mapema, umri si siri. Njoroge alikuwa anamtazama Brian. Si usoni, mkononi. Mkono wa Brian ukishuka, wake unafuata. Walirudia mara tatu, na mara tatu ikawa hivyo, na wenzake wakasema Njoro na Brayo wako na masikio sawa.

Hapa nilikosa, na nitaandika nilivyokosa. Ningemwita kando. Badala yake nilisema mbele ya wote, "Njoroge, geuza kiti uangalie ukuta."

Akacheka. "Mathe, ni game tu."

"Basi cheza ukiangalia ukuta."

Akageuza, kwa heshima ya umri wangu. Nikamvalisha hedfoni zilizofungwa, za Brian, nikashika simu mwenyewe. Nikampa mlio ule ambao mfumaji huupoteza kwanza. Mkono ulikaa gotini. Nikaongeza. Gotini. Nikaongeza mpaka mimi niliyekuwa nyuma nikausikia ukivuja. Nikazima kila kitu, na hapo, kwenye kimya, Njoroge akainua mkono. Alikuwa amehesabu kwamba muda umefika.

Wakacheka. Mmoja alijipiga paja. Sijawahi kukasirika hivyo tangu siku ya zile kadi saba.

"Mnacheka nini?" nikawaambia. "Huyu hasikii. Ninyi mnasikia. Mmepewa sauti ya kuumiza mkakunja nyuso, halafu mkasema imefunguka. Mmenunua mashine za bei ya shamba ili mkamwachie mtu mwingine awasikilizie. Kiziwi hapa ni nani?"

Njoroge alivua hedfoni, akaziweka vizuri juu ya shuka, akatoka. Nilimfuata. Alikuwa amesimama kwenye ngazi ya nyuma karibu na tangi la maji.

"Mathe, umenimaliza," akasema. "Hii story itafika Githurai kabla nifike."

"Najua. Nimekosa kusema mbele za watu. Nisamehe."

Akasema bila kunitazama, "Mtoi wangu huimba choir ya shule. Last term nilienda, nikaona anafungua mdomo. Bibi yangu akaniuliza amefanyaje, nikasema ameimba poa. Sikuwa nimeskia kitu." Akaniambia anavyofanya kazi: anajifungia ndani ya gari na spika kumi, milango imefungwa, anapandisha mpaka kifua kitetemeke, kwa sababu mteja akija ndivyo atakavyojaribu. Miaka kumi na sita. Hakuna aliyewahi kumwambia avae kitu. Nilimuuliza kama hakuwahi kwenda kupimwa. "Nikipimwa nipatikane mbovu, nani ataniletea gari? Fundi wa sauti hasikii?"

Nilikuwa nimeshasikia hayo maneno, kwa Kibukusu. Nikamwambia ukweli. Kilichokufa hakirudi, lakini kilichobaki kinaweza kulindwa, na huwezi kulinda usichojua ni kiasi gani. Nikamwambia kuanzia jioni hiyo asijifungie ndani ya gari lolote, apumzishe masikio Jumapili nzima, Jumatatu asubuhi aende Thika kwenye kliniki yetu. Nikamwambia pale kuna vijana niliowafundisha, hawatamcheka.

Akaenda. Hilo nampa heshima, kwa sababu mimi nisingeenda. Jumatatu mchana akanitumia picha ya kadi na ujumbe: "Mathe ona. Niko sawa. Hata wewe unaweza kosea." Kawaida kwa umri wake. Mwandiko niliujua. Namna ile ya kuandika k niliifundisha mimi.

Nikampigia. "Njoroge, uliketi ukiangalia wapi?"

"Kwa kioo."

"Na nani alikuwa upande wa pili?"

"Msee mmoja mpoa sana. Alikuwa anani-smilia."

Nikangoja. Njoroge si mwongo, ni mwoga, na mwoga ukimngoja husema.

"Mathe, nilikuwa namwona," akasema. "Kila akibonyeza anainua nyusi. Halafu tukaongea, nikamwambia kazi yangu, akasema usijali boss, hatutaki kukuharibia."

Sitataja jina. Wewe uliyempima unajijua, na najua ulifanya kwa moyo mzuri. Mimi pia moyo wangu ulikuwa mzuri, mara saba. Huo moyo mzuri ndio unaoniudhi, kwa sababu haugharimu anayeutoa. Wenye viwanda walitufundisha kwamba kadi ni ya kumfukuzia mtu, na sisi, badala ya kuwakatalia, tukajifunza kuandika uongo wa huruma, na uongo huo ukawatumikia walewale. Mtu anatoka kwenu akiwa na karatasi yenye saini inayomwambia arudi akajifungie na spika kumi. Anarudi, kwa sababu mmemruhusu.

Kwa hiyo geuzeni kile kiti leo. Msimngoje mtu alalamike ndiyo mjue ni kigumu. Ni kigumu. Mwambieni anayeingia ni kwa nini, kisha ingieni naye mkae dakika mbili kabla ya kufunga mlango.

Njoroge nimeongea naye tena jana. Alikuwa karakana, nikasikia matatu inaunguruma nyuma yake, nikamwambia atoke nje, akatoka. Atakuja kwenu Alhamisi saa nne, apimwe upya. Mimi sitakuja naye, mguu wangu na zile ngazi za kliniki hawaelewani siku hizi, na kazi si yangu tena. Alikuwa na swali moja tu kabla hajakubali. Aliuliza kama safari hii watamwandikia anachosikia kweli, hata kikiwa kidogo. Nikamwambia ndiyo, watakuandikia. Sikuwauliza kwanza.